Fundi Sufu wa Bariadi

Jumatatu, 7 Julai

Leo nimepata wazo. Si kama yale mengine. Hili ndilo lenyewe.

Nimeliona kwenye simu, nimejilaza nikisubiri bando liishe. Mama mmoja wa nchi ya baridi anatandaza sufu mezani, anapanga vipande vya hariri juu yake, anamwagia maji ya moto, anapaka sabuni, anasugua. Basi. Hakuna cherehani, hakuna kufuma, hakuna sindano. Kinatoka kitambaa kizito, sufu na hariri zimeshikana utadhani zilizaliwa pamoja. Anatengeneza mitandio, kofia, vipochi, maua ya kubandika kwenye gauni. Wazungu wanagombania. Nikajiuliza: sufu inatoka wapi? Kwa kondoo. Kondoo wako wapi? Simiyu nzima. Maji ya moto ninayo. Sabuni ya mche anayo Mama Benedikta mwenye nyumba, na mara nyingi huisahau bombani.

Wazo limekuja kwa wakati wake. Nataka kumuoa Milembe. Milembe ni fundi cherehani hapa sokoni Bariadi, na ananitaka, au angalau hajakataa. Tatizo ni baba yake, Mzee Mboje wa Kasoli. Ametangaza kwamba hatapokea mshenga wa mwanaume ambaye kazi yake haitajiki kwa neno moja. Method, ambaye naye anamtaka Milembe, analo neno: karani. Anapima pamba za watu kwenye mizani, anaandika, anavaa miwani. Mimi nilipoulizwa nilisema mjasiriamali. Mzee alijibu kwamba hiyo si kazi, huo ni ugonjwa, na mjomba wake alikufa nao.

Milembe anasema yeye hamtaki Method hata kwa dawa, lakini bila baraka ya baba yake haolewi na mtu yeyote. Na Jumapili ya tarehe ishirini Mzee atasema anampokea mshenga wa nani.

Mpaka hapo nitakuwa na jina la kazi. Fundi sufu. Hayo ni maneno mawili, najua. Tutaelewana.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda Kasoli kwa bodaboda. Nimeazima mkasi wa Milembe, ule mkubwa wa kukatia vitambaa. Yeye bado hajui kwamba nimeazima.

Mzee Mboje hakuwepo, alikuwa amepeleka pamba. Mayu, yaani mama yake Milembe, alinipokea vizuri. Salamu za Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, mhola duhu, kisha viazi na maziwa ya mgando. Nilimweleza kwamba kondoo wao wamechoka na manyoya na mimi nimekuja kuwasaidia. Alisema tangu azaliwe hajasikia kondoo aliyechoka na manyoya, lakini kama mimi nataka kunyoa kondoo basi ninyoe, dunia ina mengi.

Kondoo wa kwanza alikimbia. Wa pili alinikokota mpaka kwenye mabua ya mtama na nguo zangu zikabaki huko nusu. Ndipo nikamwona wa tatu. Dume mweupe, mnene, mkia mzito, amesimama peke yake karibu na mlango wa nyumba kubwa kama mwenyekiti wa kikao. Hakukimbia. Alinitazama tu. Nilimnyoa mwili wote, kuanzia shingo mpaka mkia, naye akawa anatafuna. Nikajisemea, huyu ndiye kondoo aliyesoma.

Nimerudi na mfuko umejaa. Manyoya ni mafupi kidogo kuliko ya kwenye simu. Magumu kidogo pia. Yakilowa yatalainika.

Mkasi umekuwa butu. Nimeurudisha kimyakimya.

Ijumaa, 11 Julai

Siku mbaya.

Nilitandaza manyoya kwenye beseni kubwa uani, nikamwagia maji ya moto, nikapaka sabuni, nikasugua. Nikasugua tena. Hayakushikana. Yalielea. Mama Benedikta alipita akauliza ninapika supu ya nini. Nilimwambia hiki ni kiwanda. Alisema kiwanda kinatumia sabuni yake.

Nikaongeza uji wa mahindi ili yagandane. Yaligandana, na kuku wa Mama Benedikta wakala mtandio wangu wa kwanza kuanzia ukingoni. Nikaongeza pamba, maana msimu huu pamba huku haitafutwi, inaanguka kwenye malori na kupeperuka barabarani. Nikapata godoro bichi la mtoto.

Wakati huohuo Method akapita na pikipiki yake. Huyu mtu hana njia nyingine? Alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili aone vizuri. Akauliza kama siku hizi nimeajiriwa kuosha paka waliokufa. Nilimwambia awahi kwenye mizani yake, isije ikapima pamba kwa haki kabla hajafika. Aliondoka. Lakini aliondoka akicheka, na nilimsikia mpaka kona ya mashine ya kusaga.

Jioni akaja Milembe, mkasi mkononi. Nilidhani ananichoma. Alisema mkasi wake sasa hauwezi kukata hata ugali. Kisha akachungulia beseni, akaniambia jambo ambalo mtu angeniambia mapema: kondoo wa kwetu hawana sufu. Wana nywele, kama sisi. Sufu ni ya kondoo wa baridi, na nywele hata ukizisugua mpaka Pasaka hazishikani. Ingekuwa zinashikana, alisema, kila mtu angetoka kuoga na kofia kichwani.

Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, ni kondoo yupi niliyemnyoa. Nikamwambia yule dume mweupe mpole wa karibu na mlango. Milembe akakaa chini. Alikalia ndoo, na ndoo ilikuwa na maji.

Kumbe yule si kondoo wa kawaida. Yule ni Guku, yaani babu. Amepewa jina la babu yake Mzee Mboje. Hauzwi, hachinjwi, hachapwi. Mzee humwamkia kila asubuhi kabla ya kumwamkia binadamu yeyote, na Jumapili humuaga kabla ya kwenda kanisani.

Nimemnyoa babu wa mkwe wangu.

Jumapili, 13 Julai

Nimeitwa Kasoli baada ya misa. Nilisali vizuri sana leo, hata katekista alishangaa.

Mzee Mboje hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alinipeleka mpaka mlangoni aliposimama Guku, anatetemeka. Asubuhi za Julai Kasoli zina ubaridi wake, na mimi nilikuwa nimemwachia ngozi tu. Mzee akanitaka nimwamkie. Nikamwamkia, mwangaluka Guku. Guku aligeuka akanipa mkia. Mzee akasema basi, jibu umelisikia, ng'wanone, mwanangu.

Kisha alinieleza polepole kwamba babu yake alikuwa mtu wa kupenda kuvaa. Maisha yake yote hakuonekana nje bila nguo hata mara moja, na sasa mimi nimemvua hadharani, mbele ya wajukuu na vitukuu. Mtu angejibu nini?

Ikabidi Mzee avue koti lake mwenyewe amvishe. Koti la sufu, zito, la kijivu, alilolinunua mnadani enzi za ujana wake. Analivaa kanisani, mnadani na msibani. Miguu ya mbele ya Guku ikaingia kwenye mikono, vifungo vikafungwa chini ya tumbo. Kusema kweli lilimkaa vizuri kuliko linavyomkaa Mzee.

Nilisema hivyo. Sijui kwa nini nilisema.

Method ameshapata habari. Nimemkuta stendi anawasimulia wapiga debe, na alipofika kwenye sehemu ya vifungo akanionyesha kwa kidole.

Jumanne, 15 Julai

Mpango mpya, na huu hauna hatari yoyote.

Guku amelala na lile koti tangu juzi. Limejaa kinyesi, mkojo, matope na mabua. Mzee ananung'unika kwamba hana cha kuvaa asubuhi na babu yake ananuka. Basi mimi nitalifua. Nitalifua mpaka ling'ae, na Mzee akilivaa atasahau yote. Nimelifuata alfajiri. Mayu alimfunga Guku kitenge wakati wa kusubiri. Guku alionekana kuridhika, kitenge kilikuwa cha maua.

Sijawahi kufua hivi. Maji yanayochemka kabisa, kwa sababu kinyesi cha kondoo hakitaki mzaha. Sabuni mche mzima wa Mama Benedikta. Nimelisugua kwenye ubao, nimelipiga juu ya jiwe, nimelitosa kwenye maji baridi, nimelirudisha kwenye ya moto, nimelisugua tena. Kila mikono ilipochoka nilimfikiria Method na nguvu zikarudi.

Nikalianika. Nikaenda kunywa chai kujipongeza.

Niliporudi, mwizi alikuwa amechukua koti la Mzee na kuacha la mtoto wa chekechea kwenye kamba.

Baadaye: hakuna mwizi. Vifungo ni vilevile.

Jumatano, 16 Julai

Nimejaribu kulivuta. Upande mmoja nimeufunga kwenye nguzo ya uani, upande mwingine kwenye bodaboda ya kukodi. Bodaboda ilikwenda, kamba ikakatika, nguzo ikainama, koti likabaki lilivyo. Limekuwa nene na gumu utadhani kwato. Mama Benedikta amekuja kuitazama nguzo yake na hakusema neno, jambo linalonitia wasiwasi.

Nimezunguka mitumba yote ya sokoni kutafuta la kufanana nalo. Hakuna. Mmoja alitaka kuniuzia la kike lenye manyoya shingoni, akasema Guku hatajali. Kumbe na huko wanajua.

Nimeamua kumsingizia fisi. Fisi alikuja, akachukua koti, akaondoka. Fisi hahojiwi. Nilikuwa chumbani najizoeza kusimulia, na sehemu ya kulia inatoka vizuri, ndipo Milembe akaingia bila kubisha. Aliuliza fisi gani. Macho yangu yakaenda chini ya kitanda yenyewe, na yeye akayafuata.

Alilitoa. Akaligeuza. Akalibana kwa vidole. Nilisubiri alie, au anipige. Badala yake alitoa mkasi mpya na kukata mkono mmoja wa koti la baba yake, kraa, bila hata kusita. Nilipiga ukelele uliowaamsha kuku. Akaniambia nitulie nitazame. Pale alipokata, hakuna uzi hata mmoja uliochomoka.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi. Aliniuliza kama sikumbuki yule mama wa kwenye simu. Sufu, maji ya moto, sabuni, kusugua.

Nilimwambia nilijua tangu mwanzo.

Alifuta machozi, akasema haya, mkurugenzi. Nampenda huyu mwanamke mpaka tumbo linauma. Na Jumapili baba yake atamchagua karani.

Ijumaa, 18 Julai

Kiwanda kinafanya kazi. Milembe anakata na kushona. Mimi ni mkurugenzi. Mkurugenzi anachota maji, anakoka moto na anasugua.

Alinituma mitumbani nilete masweta ya sufu na tai za hariri. Alinielekeza nichomoe uzi nichome: ukinuka nywele ni sufu, ukiyeyuka ni nailoni. Niliona aibu kuchoma nguo za watu mbele ya watu. Nikatumia macho. Nilileta masweta mazuri sana, ya rangi. La kwanza liliingia kwenye maji ya moto na kutoka kama lilivyoingia. La pili lilitoa rangi, sasa mashati yangu yote ni ya pinki. La tatu liligusa pembe ya moto na kuganda chini ya sufuria, limekuwa ukoko. La nne ndilo lililokuwa sufu kweli, na hilo sikulichagua, muuzaji alinipa nyongeza.

Tai zilikuwa sawa. Nilichagua zile zilizoniponyoka mkononi.

Milembe alizifumua zile tai, akatandaza vipande vya hariri juu ya sweta, akavishikiza kwa uzi, akaniambia sugua. Nikasugua. Sweta likajikunyata, hariri nayo ikajikunja juu yake kama utando wa maziwa, na baada ya muda hukuweza kuitoa moja bila kuchana nyingine. Akakata mtandio wa begani wa Mayu, na mabaki akayafanya ua. Kutoka kwenye koti akatoa kofia ya Mzee, yenye utepe wa hariri nyekundu na kifungo kimoja pembeni. Mwili wa koti, bila mikono, umekuwa kizibao cha Guku.

Nilikaa nikivitazama. Vilikuwa vizuri. Mikono yangu ilikuwa imebabuka kwa sabuni na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipangia. Milembe aliniuliza kama naumwa.

Ameniomba kitu kimoja tu kuhusu Jumapili. Nisiongee sana.

Jumapili, 20 Julai

Kasoli. Nitaandika kwa utaratibu.

Method alifika kwanza, viatu vinang'aa, ameleta zawadi: jaketi jipya la plastiki, lenye zipu, la Guku. Alitoa hotuba fupi kuhusu kuheshimu wazee. Kisha akapiga magoti kumvisha. Zipu ikabana ngozi. Guku alimpiga kichwa kimoja tu, cha kati, na miwani ya karani ikaenda kwenye mavi ya ng'ombe. Nilifurahi moyoni, kimyakimya, kama Mkristo.

Sisi tukafuata. Guku alivaa kizibao bila ubishi na kuendelea kutafuna. Mayu alijitupia mtandio na kuanza kupita uani huku na huku bila kazi yoyote. Mzee akapewa kofia. Aliigeuza. Akainusa. Akakiona kile kifungo. Akauliza, taratibu, koti lake liko wapi.

Nilianza na fisi. Milembe akanikanyaga mguu.

Ikabidi niseme ukweli, na nilikuwa sijajiandaa. Nilisema nililifua. Nilisema nilitaka limpendeze akilivaa, nikasugua mno. Nilisema naomba radhi kwake na kwa Guku, na kwamba nisipompata Milembe sijui nitakuwa mtu wa namna gani. Method alikuwa anafuta miwani na kunisikiliza, na sikujali.

Mzee akavaa kofia. Hata Guku aliacha kutafuna. Kisha akauliza: kazi yangu, kwa neno moja.

Nikaanza kueleza kwamba mimi ni mkurugenzi na mbunifu katika sekta ya. Milembe alijibu kabla sijafika mbali. Alisema dobi.

Mzee Mboje alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akaiokota, akaipangusa, akasema dobi ni kazi, anaielewa, hata Maswa wapo. Method akaambiwa wabeja, yaani asante, kwa jaketi, na njia njema. Mshenga wangu atapokelewa Jumamosi. Nije nimevaa kama mtu, maana ukoo mzima utakuwepo na wote wameshasikia habari za Guku. Akaongeza kwamba dobi au si dobi, nguo za nyumba yake nisizifue.

Dobi. Mimi. Nimelia kidogo kwenye bodaboda kwa furaha, na dereva akadhani ni vumbi.

Jumamosi, 26 Julai

Siku yenyewe.

Katekista Marcelo, ambaye ndiye mshenga wangu, atanipitia baada ya chai. Milembe amepiga simu. Wajomba wamefika tangu jana, mchele umeshachambuliwa, na Mzee amekaa nje na kofia yake anauliza kila anayepita kama barabara ya Bariadi ni nzima. Hataki kukiri, alisema Milembe, lakini anakusubiri. Halafu akasema na yeye anasubiri. Nikasema haya.

Suti nimeazima kwa Thomasi mwenye bucha. Suti safi, nzito, ya bluu. Ameolea hiyo, amebatizia watoto hiyo, na ameniambia nimrudishie kama nilivyoikuta. Ina kasoro moja: Thomasi hula anachouza. Nikivaa koti, vidole havionekani. Suruali inanizunguka na kubaki. Naonekana mgonjwa aliyetoroka na shuka la wodi. Wajomba watasema dobi amevaa nguo ya mteja.

Mtu asiyejua kitu angekwenda hivyohivyo akachekwa. Mimi nimejifunza. Nimechomoa uzi kwenye pindo, nimeuchoma, umenuka nywele. Sufu tupu. Sasa, lile koti la Mzee liliharibika kwa sababu moja tu: nilizidisha kipimo, nilisugua kwa hasira. Suti hii inataka kupungua kidogo tu, na kupunguza kidogo ndio ufundi. Kwa hiyo maji ni ya moto lakini si sana, sabuni ni kipande, na nasugua kwa upole, kwa upole mkubwa kabisa. Sikutaka kumsumbua Milembe kwa jambo dogo, ana kazi nyingi leo.

Katekista ameshafika, nasikia anamsalimia Mama Benedikta. Nimemwomba anisubiri kidogo.

Nimeichungulia suti sasa hivi. Suruali bado kubwa. Mkono wa kushoto wa koti umeishia kwenye kiwiko. Nimeongeza maji yanayochemka ili na wa kulia ufike hapo.